AC ya zamani ya dirishani inaganda barafu, niongeze gesi?

Pasiansi77
Wakuu, heshima kwenu. AC ya dirishani ya zamani, gesi yake R-22, BTU 12,000 (kipimo cha joto inaloondoa kwa saa), chumba kinatazama ziwa hapa Mwanza. Ikishawaka kama dakika 40 koili ya ndani inaganda, upepo unakata. Fundi anataka kuongeza gesi. Halafu hiyo BTU 12,000 kuitwa "tani moja", ni tani ya nini?

KoiliKavu
Usiongeze kitu kabla hujaona barafu imekaa wapi. Ikifunika koili nzima, upepo haupiti: filta, feni ya ndani, au uchafu kati ya mapezi (vibati vyembamba vya koili). Ikiganda pale tu kapilari (kibomba chembamba kinachoingiza gesi kwenye koili) inapoingilia, kwingine kukabaki kavu na vuguvugu, hapo gesi imepungua. Na gesi haiishi kama mafuta ya taa. Kuna tundu, litafutwe kwanza.

Koili ya nje nayo itazame. Wale wadudu wa ziwani wakifuata taa usiku hujaa kwenye mapezi. Hao hawagandishi, wanapandisha presha na ampea mpaka kompresa (pampu ya gesi) inajikata. Chomoa umeme, toa chaji kwenye kapasita (hutunza umeme hata ukishachomoa), funga mota na nyaya kwa nailoni, osha kwa maji ya mbubujiko mdogo ukitokea ndani kwenda nje. Maji ya presha ya kuoshea magari yanalaza mapezi.

Amonia
Tani ni ya barafu, mkuu. Tani ya Kimarekani, kilo 907, ikiyeyuka kwa saa 24 inameza joto la BTU 12,000 kila saa. Barafu ndiyo iliyokuwa kipimo, maana ndiyo ilikuwa bidhaa. John Gorrie wa Florida alipata hataza ya mashine yake ya barafu mwaka 1851, naye alitumia hewa tu: aliigandamiza, akaipoza kwa maji, akaiachia itanuke. Baadaye ikaja amonia, inayochemka nyuzi 33 chini ya sifuri. Kazi ya Willis Carrier, mwasisi wa AC ya kisasa, pale Brooklyn, New York, mwaka 1902 haikuwa hata ya kupoza watu. Unyevu ulikuwa unaharibu karatasi za kiwanda cha uchapaji.

Pasiansi77
Barafu imefunika koili yote. Ila kuna mtu alitoboa sahani ya chini, eti maji yanarushwa na feni ya nyuma.

KoiliKavu
Basi upepo haupiti, osha. Na hilo tundu la sahani lizibe: kama feni ina pete inayogusa maji, imewekwa makusudi iyarushe kwenye koili ya moto. Kelele ya maji kurushwa haina neno, nayo inasaidia kupoza.

Ikija kuthibitika gesi inavuja: chomelea, vuta vakyumu (toa hewa yote kwa pampu), jaza gesi kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Kapilari haisamehe, gramu 50 zikizidi utaziona kwenye ampea. Na fundi asilaumu pampu ya vakyumu, geji ya sindano ikigoma kwenye inchi 26 za zebaki. Mwanza tuko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, presha ya hewa ni ndogo, 30 haifiki hapa.