Naomba ushauri: programu ya kuendesha shule ndogo ya lugha

Wanajamvi, habari zenu. Nina shule ndogo ya lugha hapa Ngara, Nairobi: Kijerumani kwa manesi wanaotaka kwenda Ujerumani, na Kiswahili kwa wageni. Wanafunzi 64, walimu 5, na daftari moja ambalo nikilisahau nyumbani hakuna kazi siku hiyo.

Kinachonitesa ni karo. Watu wanalipa kwa M-Pesa vipande vipande, leo 2,000, mwezi ujao 3,500, na mara nyingi anayetuma ni mjomba, kwa hiyo jina si la mwanafunzi. Jumapili nzima nalinganisha meseji na daftari. Nimeambiwa nikichukua paybill (namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa), kila mwanafunzi atapewa namba yake ya akaunti na programu itasoma malipo yenyewe. Kuna aliyejaribu? Kuunganisha kulimchukua muda gani?

Niliyowahi kununua ilitengenezewa shule za msingi. Inang'ang'ania muhula na darasa la nne, wakati mwanafunzi wangu anaanza A2, yaani ngazi ya pili ya lugha, katikati ya Mei. Pia ifanye kazi kwenye simu, walimu hawana kompyuta.

Nyinyi mnatumia gani?