Pesa za bustani ya mji zibaki bustanini, au ziende kaunti?

Mtoa hoja, Nakuru: Nyayo Gardens na bustani nyingine za umma zinafaa kubaki na ada wanazolipa wenye hafla. Kifungu cha 207 cha Katiba ya Kenya kinataka mapato yaingie Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale sheria ya Bunge inaporuhusu vingine. Zikishaingia humo, kuzitoa ni safari: Bunge la Kaunti, kisha Msimamizi wa Bajeti, anayeidhinisha pesa kutolewa. Mfereji ukipasuka Januari, vali ya kubadilisha inangoja bajeti ya ziada huku nyasi zikikauka. Hospitali za umma zilikubaliwa kubaki na makusanyo yao kwa sheria ya 2023. Bustani nazo zina njia: kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaruhusu kaunti kuunda mfuko maalumu. Kwa nini tusiutumie?

Kisumu: Ndugu, hapo napinga. Msimamizi wa bustani akitegemea ada, atafukuzia hafla. Lori la jenereta likipita juu ya udongo mweusi wa huku kwetu ukiwa umelowa, udongo unashindiliwa, maji hayapenyi na mizizi inakosa hewa. Ukitandaza nyasi mpya juu yake zinakufa vilevile. Lazima uchimbue sentimita 15 hivi, uchanganye mboji, ufunge eneo hadi nyasi zishike. Nani huweka gharama hiyo kwenye ada? Na kidonda chenyewe ni matumizi ya kawaida, yaani gharama za uendeshaji za kila siku. Ruzuku za wafadhili hujenga njia na taa. Muda wa dhamana ya mkandarasi ukiisha, bili ya maji na mtunza bustani wanagombania fungu moja na mishahara ya kaunti nzima, na mishahara hushinda kila mara.

Kisumu, mwingine: Mmesahau kalenda. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, kwa hiyo zabuni hukimbizwa Mei na Juni, miche inaingia ardhini masika yakiisha. Zabuni itangazwe Oktoba, kandarasi ya matunzo iwe ya miaka miwili, na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka miche 8 kati ya 10 ivuke kiangazi ikiwa hai.

Mtoa hoja: Hilo la kuzuia malipo nalichukua. Kuhusu hafla, mwenye hema aweke amana kwa kila mita ya mraba, na mvua ikinyesha magari yasiingie kabisa. Lakini amana hiyo ikienda Hazina ya Mapato ya Kaunti, nani atachimbua huo udongo?