Nimeitwa kuwa jaji wa pombe kali za viwanda vidogo, naombeni uzoefu

Kionjo: Wakuu salama? Nimealikwa kukaa meza ya majaji kwenye shindano la pombe kali za watengenezaji wadogo, kuna jini, ramu, wiski na zile za matunda. Kuonja naonja na pua yangu naiamini kiasi, ila sijawahi kupangiwa glasi zaidi ya 30 kwa siku moja zote hazina majina. Naogopa kulewa mapema, halafu kubwa zaidi linaloninyima usingizi ni kumdhulumu mtu aliyehangaika na mtambo wake miaka, kisa ulimi wangu umechoka. Mnafanyaje?

Tone la Pili: Hongera mkuu. Kulewa dawa yake kutema, kila tone unatema, ukianza kumeza kidogo kidogo ukifika ya 15 umekwisha. Usiende na njaa, manukato usijipake siku hiyo, na pilipili ipumzishe tangu jana yake. Katikati maji na biskuti kavu isiyo na ladha. Pua ikigoma nusa mkono wa shati lako mwenyewe, hiyo harufu umeizoea kwahiyo pua inapumzika kidogo inarudi.

Mzee wa Pipa: Naongezea. Usitumbukize pua kwenye glasi kama unanusa waini, hiki kitu ni asilimia 40 na kuendelea, kitakuunguza na kwa muda hutasikia kitu. Anzia kidevuni, panda taratibu, mdomo uwe wazi kidogo. Nusa, andika, onja, andika, ndo uweke maji ushushe mpaka kwenye asilimia 20 hivi unuse tena. Hapo kwenye maji ndo kosa linajitokeza maana ule ukali uliokuwa unalifunika umeondoka. Ukisikia dawa ya kutolea rangi ya kucha jua kichwa, yaani kile kinachotoka mwanzo kwenye mtambo, hakikukatwa vizuri, ukisikia boksi lililolowa au tambara bichi huo ni mkia, kile cha mwisho kutoka, umeingia. Sasa jini ikipata ukungu baada ya maji usikimbilie kukata alama, ni mafuta ya viungo tu, kilevi kikishuka hayawezi kuyeyuka tena, na wakati mwingine ni dalili jamaa hakubania viungo.

Mpangilio nao uangalie, nyepesi mwanzo, zilizolazwa kwenye pipa na zenye harufu ya moshi mwisho. Mimi niliwahi kuipa jini moja alama mbaya nikaandika kabisa "haina harufu", kumbe glasi iliyotangulia ilikuwa ya moshi mzito imewekwa hapo kwa makosa. Roho ikanisuta, nikaomba imiminwe upya baada ya mapumziko, ikaja na maganda ya limau na mreteni (kile kiungo kikuu cha jini) mbichi kabisa, harufu imejaa glasi! Nikafuta alama zangu mbele ya wenzangu. Kwahiyo ukiwa na shaka omba umiminiwe tena, ni haki yako na ni haki ya mwenye chupa.

Kionjo: Asanteni sana, hilo la ukungu ningemdhulumu mtu nalo. Je wenzangu mezani wakitofautiana na mimi sana? Na ramu tamu kusema kweli siipendi.

Mzee wa Pipa: Andika alama yako kabla mtu hajafungua mdomo, mkizidiana sana rudini kwenye glasi wote, muongelee kilichomo humo. Kuhusu ramu, swali lako liwe hii ni ramu nzuri ya aina yake au la, utamu usioupenda wewe sio kosa la mtengenezaji. Ukiona huwezi kabisa mwambie msimamizi mapema akuhamishe meza.

Mtambo Mdogo: Mimi niko upande wa pili, ndo natengeneza. Kuna mwaka nilirudishiwa karatasi ina neno moja tu, "kali". Nikakaa nalo wiki nzima silielewi, kali kwa kilevi au kali kwa kosa? Mwaka uliofuata jaji mwingine akaandika "gundi puani mwanzoni, kichwa kikatwe zaidi". Basi tu. Nikabadilisha, nikawa namwaga kichwa kingi kuliko zamani ingawa inauma ukiangalia kinavyopungua kwenye ndoo, na ile gundi ikaisha. Kwahiyo kaka uliza kama karatasi zao zina nafasi ya maoni, kama hazina omba karatasi za ziada asubuhi kabla hamjaanza kumiminiwa.