MREJESHO: Kusini mwa Ufaransa na watoto wawili na bibi yao, bila gari

Wakuu, niliuliza kama safari hii inawezekana bila kukodi gari. Inawezekana, asanteni sana! Tulifuata ushauri wa kufanya mji wa Avignon kituo chetu na kutoka kidogo kidogo: mji wa Arles kwa treni, kama dakika 20 tu, na daraja la kale la Pont du Gard kwa basi. Hapo ndipo watoto walipogoma kuondoka. Walioga mto Gardon siku nzima chini ya daraja hilo la Warumi lenye kimo cha mita 49.

Tulipofeli ni mashamba ya lavenda, yale maua ya zambarau yenye harufu nzuri. Mmoja wenu alionya, mimi nikabisha. Mwisho wa Agosti tukakuta yameshavunwa. Bibi alinuna hadi jioni. Halafu chakula cha mchana kuleni kabla ya saa nane, majiko mengi hufungwa.