Chemsha bongo za burudani: uliwahi kushiriki, kuandaa au kuporwa zawadi? Tupeane uzoefu

MKAA KABWE
Wakuu, habari za baridi. Huku Mbeya Juni imeingia, kila mtu kajifunga blanketi, na mtu akijifunga blanketi anakumbuka ya zamani.

Kuna kipindi cha runinga kiliwahi kuja, mastaa wanashindanishwa kwa maswali ya burudani: wanamuziki upande huu, waigizaji upande ule, nani aliimba nini, nani aliigiza na nani. Kilidumu wiki chache kikapotea bila kuaga, nafasi yake ikachukuliwa na tamthilia ya Kifilipino. Sisi tulikuwa tunakiangalia kwenye kibanda umiza pale Mwanjelwa huku tukisubiri mpira.

Siku moja msanii akapigiwa biti ya wimbo wake mwenyewe, akaambiwa amalizie ubeti wa pili. Akakwama. Anacheka, anashikashika kofia, anasema eti amerekodi nyingi. Nyuma ya kibanda kulikuwa na dogo anauza mayai ya kuchemsha, ndoo mkononi, chumvi na pilipili kwenye kikopo. Akaushusha ubeti wote mwanzo mwisho. Kibanda kikalipuka! Halafu mtangazaji akausoma ubeti wenyewe kwenye karatasi, kumbe haufanani na wa dogo hata kidogo, nusu alikuwa kautunga. Mnajua ilikuwaje? Kibanda kizima kiliamua kwamba karatasi ndiyo imekosea. Mayai yaliisha siku ile. Mpaka leo wimbo ule ukipigwa mimi naimba ya muuza mayai.

Haya, leteni zenu. Runinga, redio, ukumbini, popote.

DADA WA MIYOMBONI
Kamwene. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, muuliza maswali. Tulikuwa na bonanza la Jumapili hapa Iringa, timu za watu watatu watatu, zawadi ya mwisho beberu. Nawaambieni, kutunga swali la burudani ni kazi kuliko kulijibu. Swali la shule lina kitabu chake. La burudani kila mtu ukumbini ndiye kitabu.

Nikaandika: "Mwanamuziki gani wa Tanzania alikuwa wa kwanza kuwa mbunge?" Kichwani mwangu jibu ni Sugu, Mbeya Mjini, 2010. Vijana wakagonga (kengele zetu zilikuwa sufuria na mwiko), wakasema Sugu, nikawapa. Akainuka mzee wa timu ya pili, kavaa koti la suti juu ya sweta, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, kwani Kapteni Komba alikuwa fundi cherehani?"

Nikaishiwa nguvu. John Komba, mwimbaji wa bendi ya TOT, aliingia bungeni 2005, Mbinga Magharibi. Sijapumua, dada mmoja kwenye watazamaji naye: hata hiyo 2010 unayoisema, Vicky Kamata aliingia kwa viti maalumu, au yeye hakuimba? Neno moja lilinimaliza, hilo "mwanamuziki". Profesa Jay wa Mikumi, 2015, ndiye pekee ambaye hakuna aliyemgombania.

Beberu aligawanywa. Sitaki kueleza zaidi, ila kichwa hakijaonekana mpaka leo.

JEMBE LA MAFINGA
Yangu fupi. Redioni, swali: Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka gani? Nikasema 1997. Ni 1979. Tarakimu nilikuwa nazo zote, mpangilio tu. Nikakosa simu ya tochi.

MWANA TUKUYU
Ugonile mkuu. Yangu ni ya kuporwa.

Kulikuwa na redio moja, siitaji, kila Ijumaa usiku inauliza swali la filamu au muziki, wa kwanza kupiga anapata vocha ya elfu kumi. Kwetu mtandao ulikuwa unashika juu ya kichuguu tu, nyuma ya migomba. Nimesimama pale kwenye ukungu wiki sita, sweta limelowa, jibu ninalo, simu inaita haipokelewi. Na kila wiki anapokelewa mshindi mwenye sauti ileile. Wiki hii yuko Uyole, wiki ijayo yuko Chimala. Wiki ya saba wakajisahau. Mtangazaji anamuuliza, "Naongea na nani?" naye akajibu, "Si unanijua, shemeji." Nikashuka kichuguuni, sijapanda tena.

Baadaye nikaja kusoma kwamba huu ugonjwa ni wa zamani. Marekani, 1956, kipindi cha Twenty-One: Herbert Stempel aliagizwa na waandaaji akosee makusudi ampishe Charles Van Doren, kijana mtanashati anayependeza kwenye runinga. Na swali aliloambiwa alikose lilikuwa la burudani, filamu gani ilipata Oscar ya filamu bora ya 1955. Jibu ni Marty, na jamaa filamu hiyo alikuwa anaipenda na ameshaiona. Akajikaza akasema On the Waterfront, iliyoshinda mwaka uliotangulia. Van Doren alikuja kukiri mbele ya kamati ya bunge 1959. Nilimhurumia Stempel kuliko nilivyojihurumia. Mimi angalau simu haikupokelewa, sikulazimishwa kuikana filamu ninayoipenda.

DOGO WA SOWETO
Mkaa Kabwe, unasema kilipotea bila kuaga. Mimi naona vipindi hivi vinajiua vyenyewe. Staa hataki kuonekana hajui, na anayejua kweli siyo staa. Runinga ya VH1 ya Marekani ilijaribu kuwachukua wajuvi wa mtaani: The World Series of Pop Culture, 2006, timu za watatu, dola 250,000 kwa washindi. Watu walikuwa moto kwelikweli. Misimu 2, imekwisha. Halafu Uingereza, BBC ikaanza Never Mind the Buzzcocks 1996, maswali ya muziki na wageni maarufu, ikaenda mpaka 2015, kwa sababu pale watu wamekuja kutaniana, pointi ni kisingizio. Chetu kilikosea kuhesabu pointi. Wangemleta yule muuza mayai abishane na mwenye wimbo, kingekuwepo mpaka leo.

MKAA KABWE
Asingekubali. Alikuwa kazini.

MAMA MAKAMBAKO
Shikamooni mlionizidi. Yetu ilikuwa ndani ya basi, tunatoka Dar. Lori limeziba barabara kwenye kona za Kitonga, foleni mpaka chini, dereva akazima injini na filamu tuliyokuwa tunaangalia ikakatika palepale mchawi anataka kutajwa. Joto la kule bondeni mnalijua. Konda, kijana mchangamfu, akasimama katikati akasema atakayewashinda wenzake kwa maswali ya Bongo Muvi anachukua kiroba cha vitunguu. Vitunguu vyenyewe kavinunua Ruaha Mbuyuni apeleke kwake, sijui alifikiria nini.

Akauliza Kanumba alifariki lini. Basi zima likajibu kwa pamoja kama sala, tarehe 7 Aprili 2012. Mshindi hakuna. La pili vilevile. Ndipo kaka mmoja wa siti ya nyuma, kimya tangu Morogoro, akasema naye ana swali.

"Nimeigiza filamu tatu. Zote nimekufa. Nani ananijua?"

Watu wakageuka, wengine wakasimama kabisa kumwangalia. Kimya. Konda akamwambia ageuze uso upande. Kimya. Jamani, nilitamani nidanganye.

Bibi mmoja wa siti ya mbele, kuku wake kwenye kapu, akasema: "Lala chini nikuone."

Kaka wa watu akalala kwenye njia ya basi, katikati ya mabegi, akafumba macho. Bibi akainama, akamchungulia kama anayekagua nguo ya mtumba.

"Ee. Wewe ni yule mlinzi, ulipigwa rungu getini. Ukafumbua jicho hawajakubeba."

Kaka aliinuka anacheka mpaka machozi. Anasema ni kweli, na mwongozaji alimkata nusu ya malipo kwa ajili ya hilo jicho. Bibi alishukia Ilula, na konda ndiye aliyembebea kiroba mpaka kwenye bodaboda.