Naomba ushauri: mafunzo ya magari ya umeme kwa maofisa wa serikali

Habari zenu wadau. Nimepewa kazi ya kuandaa mafunzo ya siku 3 kwa maofisa wa serikali kuhusu magari ya umeme, na nimekwama. Darasa moja lina watu wa manunuzi, kodi, mipango miji na wakaguzi wa magari. Kila mtu na lake.

Kundi la kwanza nililianzishia betri na mota. Nusu saa haijaisha, watu wa manunuzi wako kwenye simu. Nilipowawekea bei ya gari pamoja na gharama za miaka 8, umeme kwa mafuta, ndipo kalamu zikatoka. Wakaguzi wao waling'ang'ania zile nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba volti 400, kwa magari mengine hata 800: nani anaruhusiwa kuzigusa? Swali la haki kabisa, ila majibu yangu yalikuwa mepesi.

Je, niwatenganishe tangu siku ya kwanza, au waanze pamoja? Na wakaguzi niwape mazoezi gani ya vitendo, ikiwa gari la kufundishia ni moja tu?

Natanguliza shukrani.