Misimamo ya Stacey Abrams katika kugombea ugavana wa Georgia: ni ipi ambayo gavana angeweza kuitekeleza?

Mwalimu wa Uraia, Tabata

Salamu kwenu nyote. Ninafundisha somo la Uraia katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na klabu yetu ya midahalo imeamua kuchambua misimamo ya Stacey Abrams, mwanasiasa wa Chama cha Democratic aliyegombea ugavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani mwaka 2018 na tena mwaka 2022, akashindwa mara zote mbili na Brian Kemp wa Chama cha Republican. Wanafunzi wamezikusanya ahadi zake kwa bidii: kupanua Medicaid, yaani mpango wa serikali wa matibabu kwa watu wenye kipato kidogo, kuongeza mishahara ya walimu, kulinda haki ya mwanamke ya kutoa mimba, kukaza masharti ya kubeba bunduki, kufuta adhabu ya kifo na kuondoa vikwazo vinavyowazuia watu kupiga kura.

Kinachonisumbua ni kwamba wanazijadili ahadi hizo zote kana kwamba zina uzito mmoja. Vijana hawa wamekua wakimwona mkuu wa mkoa, ambaye huteuliwa na Rais na kutekeleza maagizo ya Serikali, na wachache wenye ndugu Mombasa wanamfahamu gavana wa kaunti wa Kenya. Kwa hiyo wanadhani kwamba Abrams angeshinda, yote aliyoyasema yangekuwa sheria kufikia Januari. Naomba mnisaidie kutenganisha yale yaliyokuwa ndani ya uwezo wa gavana na yale yaliyohitaji ridhaa ya wengine. Naomba pia maoni yenu kama ni haki kumweka katika mrengo wa kimaendeleo, yaani wa wanaotaka mageuzi ya kijamii, bila maelezo zaidi, kwa sababu nusu ya darasa inamwona ni mwanamageuzi mkali na nusu nyingine inamwona ni mtu wa tahadhari.

Mwanasheria, Ubungo

Mwalimu, umeuliza swali ambalo hata wapiga kura wa huko hawalipi nafasi ya kutosha. Gavana wa Georgia hateuliwi na rais wala hawezi kuondolewa naye. Mamlaka yake yanatoka katika katiba ya jimbo na kipindi chake ni miaka 4. Hata hivyo, ana bunge lake la kushughulika nalo, lenye Baraza la Wawakilishi la wajumbe 180 na Seneti ya wajumbe 56, na katika chaguzi zote mbili unazozitaja mabaraza hayo yalibaki mikononi mwa Republican. Abrams alilijua bunge hilo vizuri kuliko wagombea wengi, kwa kuwa alikuwa mjumbe wake kuanzia 2007 hadi 2017 na aliongoza wajumbe wa chama chake waliokuwa wachache barazani.

Nitaikazia zaidi Medicaid, kwa sababu ndiyo ahadi aliyoibeba katika kampeni zote mbili. Sheria ya afya ya mwaka 2010, iliyopitishwa chini ya Rais Obama, ilikusudia kwamba kila jimbo liwaingize katika Medicaid watu wazima ambao kipato chao hakizidi asilimia 138 ya kiwango rasmi cha umaskini. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa, na Georgia ikawa miongoni mwa yaliyokataa. Matokeo yake yakawa ya ajabu kidogo: ruzuku ya kununua bima binafsi ilitungwa kwa ajili ya wenye kipato kinachoanzia kwenye mstari wa umaskini na kwenda juu, kwa kuwa waliotunga sheria walitarajia kwamba wa chini ya mstari huo watakuwa tayari ndani ya Medicaid. Hivyo mtu mzima asiye na watoto, anayefanya vibarua huko Georgia, aliweza kuwa maskini mno kupata ruzuku na wakati huohuo asistahili Medicaid.

Serikali ya shirikisho iliahidi kubeba asilimia 90 ya gharama za watu watakaoongezwa. Hoja ya Abrams ilikuwa ya hesabu kuliko ya huruma: kodi za watu wa Georgia zinakwenda Washington na kurudi katika majimbo mengine, huku hospitali za vijijini zikifungwa kwa kuhudumia watu wasioweza kulipa. Wapinzani wake walijibu kwamba asilimia 10 iliyobaki ingekuwa mzigo wa kudumu kwa bajeti ya jimbo, na kwamba ahadi ya Washington inaweza kubadilishwa na Bunge la huko wakati wowote. Hoja zote mbili zina uzito, na wanafunzi wako wazipime bila haraka.

Sasa nije kwenye mamlaka. Mwaka 2014 bunge la Georgia lilipitisha sheria inayomnyima gavana uwezo wa kupanua Medicaid bila idhini ya wabunge. Kwa maana hiyo, hata angeapishwa asubuhi, Abrams asingeweza kuweka saini mchana na jambo likaisha. Angelazimika kuwashawishi wajumbe wa chama kilichomzidi kwa idadi. Kemp kwa upande wake alichagua njia nyembamba zaidi, na mpango wake ulianza Julai 2023 ukimtaka mnufaika athibitishe saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au shughuli za kujitolea.

Kuhusu mrengo wake, kwangu Abrams ni mwanamaendeleo kwa malengo na mtu wa tahadhari kwa njia anazozitumia. Hakuahidi kwamba jimbo litakuwa mlipaji mmoja wa matibabu ya watu wote. Aliahidi mpango ambao majimbo 40 yameshaukubali, yakiwemo mengi yanayotawaliwa na Republican.

Muuguzi, Mbagala

Mwalimu, shikamoo. Naomba niongeze jambo juu ya afya kabla ya kuzungumzia utoaji mimba. Sisi tunapojadili Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023, tunabishana kuhusu viwango, kitita cha mafao na uwezo wa mkulima kulipa, lakini hatubishani kama mtu wa Morogoro atakuwa na haki tofauti na mtu wa Pwani. Kule ndivyo ilivyo. North Carolina, ambayo inapakana na Georgia, ilianza kupanua Medicaid Desemba 2023, kwa hiyo watu wawili wenye kipato kilekile na maradhi yaleyale, mmoja upande huu wa mpaka na mwingine upande ule, hawapati huduma sawa. Mtu anayefanya kazi wodini hawezi kulisikia hilo akalipita kama habari ya siasa tu. Ninaona wanafunzi wasipolielewa hili hawataelewa kwa nini uchaguzi wa gavana huko hupiganiwa kwa nguvu kiasi kile.

Kuhusu utoaji mimba, ninajua darasani kutakuwa na hisia kali, kwa sababu hata hapa nyumbani Kanuni ya Adhabu inaukataza kwa kifungu cha 150 na vinavyofuata, na wengi wetu tumelelewa misikitini na makanisani. Ni vyema wakajua kwamba Abrams naye ni mtoto wa wachungaji wa Kimethodisti, wazazi wote wawili, na ameeleza hadharani kwamba ujanani alikuwa akipinga utoaji mimba na msimamo wake ukabadilika baadaye. Mwaka 2019 Gavana Kemp alisaini sheria inayokataza kutoa mimba pindi mapigo ya moyo yanapoweza kutambuliwa, yaani takriban wiki ya sita, isipokuwa kwa sababu chache kama dharura ya kitabibu, au ubakaji uliokwisha kuripotiwa polisi. Sheria hiyo ilizuiwa mahakamani, kisha ikaanza kutumika Julai 2022, mara baada ya Mahakama ya Juu kufuta ulinzi wa kikatiba uliokuwepo tangu 1973.

Abrams aliahidi kupigania kufutwa kwa sheria hiyo ya 2019. Gavana anaweza kukataa kusaini muswada mpya wa kukaza masharti, lakini hawezi kuifuta peke yake sheria ambayo tayari ipo. Hivyo ahadi hiyo ilikuwa na nguvu ya kuzuia kuliko ya kubadilisha. Mimi binafsi ninaona kwamba mwanamke aliyefikishwa hospitalini akivuja damu hapaswi kusubiri daktari aulize mwanasheria kwanza, na hilo ningelisema popote, lakini wanafunzi wawe huru kuamua wenyewe mradi wajue sheria inasema nini.

Mfanyabiashara, Kariakoo

Ndugu zangu wawili waliotangulia wamesema kweli, ila naona tumepima misimamo kwa kigezo kimoja tu, yaani kama mgombea angeweza kuitekeleza akishaapishwa. Msimamo wa mgombea una kazi nyingine: huwaeleza watu kwa nini wajiandikishe na kutoka nyumbani siku ya kura. Abrams alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa na mojawapo ya vyama viwili vikubwa kugombea ugavana nchini Marekani, na mwaka 2018 alishindwa kwa kura zipatazo 55,000 katika jimbo ambalo Democratic walikuwa wamelikatia tamaa. Miaka miwili baadaye Joe Biden alishinda Georgia kwa kura 11,779, na Januari 2021 Raphael Warnock na Jon Ossoff wakachukua viti vyote viwili vya Georgia katika Seneti ya taifa. Sisemi kwamba yote hayo ni kazi ya mtu mmoja, maana palikuwa na vikundi vingi na mabadiliko makubwa ya watu wanaohamia Atlanta na vitongoji vyake, lakini hakuna anayeisimulia habari hiyo kwa uaminifu na kumwacha nje.

Hapa ndipo suala la haki ya kupiga kura linapoingia, na ni gumu. Mwaka 2018 Kemp aligombea ugavana akiwa bado Katibu wa Jimbo, ofisi ambayo ndiyo husimamia uchaguzi, na alijiuzulu baada ya siku ya kura. Abrams alikubali kwamba mpinzani wake ndiye gavana kisheria lakini alikataa kusema kwamba uchaguzi ulikuwa wa haki. Taasisi aliyoianzisha ilifungua kesi, na mwishoni mwa Septemba 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba, ingawa taratibu za Georgia hazikuwa kamilifu, hazikuvunja katiba wala sheria ya haki ya kupiga kura. Wanaomuunga mkono wasiifiche hukumu hiyo, na wanaompinga wasisahau kwamba mchezaji hawi mwamuzi wa mechi yake. Wanafunzi wenye bidii watayashughulikia yote mawili kwa pamoja.

Mwalimu wa Uraia, Tabata

Nawashukuru sana. Naona sasa kwamba tulihitaji safu moja zaidi katika jedwali letu, inayoonyesha nani mwingine angepaswa kukubali. Yamebaki mambo matatu: mishahara ya walimu, bunduki na adhabu ya kifo. Hilo la mwisho limewavutia vijana kwa sababu nasi bado tunayo adhabu hiyo katika sheria ingawa haijatekelezwa tangu 1994, na wanajua kwamba Rais wetu ana uwezo wa kusamehe. Wamekwisha kuandika kwamba Gavana Abrams angewasamehe wafungwa wote waliohukumiwa kunyongwa.

Mwanasheria, Ubungo

Mwalimu, hapo wafute. Georgia ni miongoni mwa majimbo machache ambayo gavana hana mamlaka ya kusamehe. Tangu 1943 kazi hiyo imo mikononi mwa bodi ya wajumbe 5, ambao gavana huwateua na Seneti ya jimbo kuwathibitisha, kila mmoja kwa miaka 7. Gavana anayepinga adhabu ya kifo anaweza kubadilisha sura ya bodi hiyo polepole kwa kadiri nafasi zinavyokuwa wazi, lakini hawezi kupiga simu usiku wa manane na kusimamisha utekelezaji kama tunavyoona katika filamu. Tena kule hawanyongi. Hutumia sindano ya sumu.

Bunduki ni suala la bunge. Aprili 2022 Kemp alisaini sheria inayomruhusu raia anayestahili kumiliki bunduki abebe bastola iliyofichwa bila leseni ya kuibeba, na Abrams aliahidi kuirudisha nyuma. Bila wabunge, ahadi hiyo isingesogea.

Mishahara ndiyo tofauti, na ningependa muda mwingi wa mdahalo uende huko. Katiba ya Georgia inampa gavana kazi ya kukadiria mapato ya jimbo, na bunge haliruhusiwi kupanga matumizi yanayozidi makadirio hayo. Pia anaweza kufuta kifungu kimoja cha matumizi bila kuikataa bajeti nzima. Mwaka 2022 Abrams aliahidi kuwaongezea walimu wastani wa dola 11,000 kwa mwaka, na mwalimu anayeanza apate dola 50,000, bila kupandisha kodi, akitegemea ziada iliyokuwepo hazina. Kemp alikuwa ameahidi nyongeza ya dola 5,000 mwaka 2018 na kuikamilisha ndani ya kipindi chake. Hapa wagombea wawili wanapambana ndani ya eneo ambalo gavana ana mkono mrefu, na swali linakuwa la haki kwa wote wawili: je, ziada ya mwaka mmoja inaweza kubeba mishahara ya kila mwaka?

Jirani na hilo kuna ufadhili wa HOPE kwa wanafunzi wa vyuo, unaolipiwa na bahati nasibu ya jimbo tangu 1993 na kutolewa kwa kuangalia ufaulu. Abrams alitaka kuongeza ufadhili unaoangalia uhitaji, fedha zake zitokane na kasino na kamari ya michezo. Kasino zinahitaji marekebisho ya katiba, yaani theluthi mbili ya kila baraza na kisha kura ya wananchi. Mwaka 2011, akiwa kiongozi wa wachache, alishirikiana na Gavana Nathan Deal wa Republican kuupunguza ufadhili huohuo ili usifilisike, na baadhi ya watu wa chama chake walimlaumu kwa hilo katika mchujo wa 2018. Kundi linalomwona ni mtu wa tahadhari lianzie hapo.

Ningeshauri hoja ya mdahalo isiwe juu ya kama Abrams alikuwa na misimamo mizuri. Iandikwe hivi: “Mgombea ugavana anapaswa kumtajia mpiga kura ni ahadi zipi hawezi kuzitimiza bila bunge.” Upande wa kupinga upewe hoja ya ndugu yetu wa Kariakoo, kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote kuijibu.